Niels Finsen: Mgonjwa aliyeugeuza mwanga kuwa dawa

SEPTEMBA 24, 1904, katika jiji la Copenhagen nchini Denmark, alifariki dunia daktari mwenye umri wa miaka 43 ambaye katika miaka ya mwisho ya uhai wake alikuwa mtu wa kusukumwa katika kiti cha magurudumu. Jina lake lilikuwa Niels Ryberg Finsen. Miezi tisa tu kabla ya kifo chake alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba, akiwa raia wa kwanza wa Denmark kupata tuzo hiyo. Hata hivyo hakuweza kwenda kuipokea Stockholm, kwani ugonjwa uliokuwa ukimdhoofisha tangu ujanani ulikwishamfikisha mahali pasipo na safari.

Dawa iliyomletea heshima hiyo haikuwa mzizi wala unga, bali ilikuwa mwanga. Kwa kutumia taa ya umeme, lenzi na maji baridi, Finsen alitibu watu ambao nyuso zao zilikuwa zikiliwa na kifua kikuu cha ngozi, maradhi ambayo kwa wakati ule yaliwashinda waganga wote wa Ulaya.

Leo hii, zaidi ya karne moja baadaye, mwanga umeingia hadi ndani ya fuvu la kichwa. Katika baadhi ya hospitali za Ulaya, Marekani na Japani, mgonjwa wa saratani ya ubongo hupewa dawa ambayo yenyewe gizani haina makali yoyote, lakini ikimulikwa huweza kuufichua uvimbe au hata kuuangamiza. Finsen hakuwahi kutibu ubongo wa mtu yeyote, wala hakuzijua dawa hizo. Lakini uchunguzi wa taa zake uliofanyika miaka 100 baada ya kifo chake umeonyesha kwamba huenda alikuwa akiitumia kanuni hiyo hiyo pasipo mwenyewe kufahamu.

Mtoto wa visiwa vya ukungu

Finsen alizaliwa Desemba 15, 1860 mjini Tórshavn, katika Visiwa vya Faroe vilivyo chini ya Denmark, katikati ya bahari ya Atlantiki ya kaskazini. Ni visiwa vya upepo, mvua na ukungu, ambako jua wakati wa baridi huchomoza kwa saa chache tu na mara nyingi halionekani kabisa kwa wingu. Baba yake, Hannes Finsen, aliyetoka katika ukoo wa Iceland, alikuwa afisa wa juu wa utawala wa Denmark visiwani humo. Mama yake alifariki dunia Niels akiwa bado mdogo sana, na baba akaoa tena.

Hakuna aliyemtazama kijana huyo akadhani kwamba siku moja angekuwa mtu mashuhuri. Alipelekwa katika shule ya bweni ya Herlufsholm nchini Denmark, ambako mkuu wa shule aliripoti kwamba ni mtoto mwenye moyo mwema lakini asiye na kipaji wala bidii. Baba akamwondoa na kumpeleka Reykjavík, Iceland, nchi ya mababu zake. Huko alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1882 akiwa na umri wa miaka 21, akishika nafasi ya 11 katika darasa la wanafunzi 15.

Mwaka huo huo alihamia Copenhagen kusomea udaktari katika chuo kikuu. Haukupita muda mrefu kabla ya dalili za ugonjwa kuanza kujitokeza. Utando unaozunguka moyo, pamoja na ule wa ini na bandama, ulikuwa ukinenepa na kukakamaa kidogo kidogo, hali iliyousonga moyo na kusababisha maji kujaa tumboni. Mwanzoni alihisi uchovu na upungufu wa damu, lakini kadiri miaka ilivyokwenda ikawa lazima madaktari wamtoboe tumbo mara kwa mara ili kuyatoa maji hayo.

Ni katika hali hiyo ndipo wazo lake lilipozaliwa. Chumba alichokuwa akiishi kilitazama kaskazini na hakikupata jua. Finsen alihisi kwamba kila alipotoka nje na kukaa juani mwili wake ulipata nguvu mpya, akaanza kujiuliza ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya mwanga wa jua. Inasimuliwa kwamba siku moja alimwona paka aliyelala juu ya paa akiota jua. Kila kivuli kilipomfikia, paka yule aliinuka na kusogea hadi mahali penye jua, kisha akalala tena. Kwa kijana aliyekuwa akiudadisi mwanga, jambo hilo dogo lilikuwa na maana, kwani kiumbe asiyesoma kitabu chochote alikuwa akiufuata mwanga kana kwamba unamfaa mwilini.

Wino mkononi, minyoo sandukuni

Baada ya kuhitimu mwaka 1890, Finsen aliajiriwa chuoni kuandaa maiti kwa ajili ya masomo ya anatomia. Desemba 1892 alimwoa Ingeborg Balslev, binti wa askofu wa Ribe. Mwaka 1893 aliiacha kazi yake ya chuoni ili apate muda wa utafiti, akawa anajipatia riziki kwa kuwafundisha wanafunzi faraghani. Kwa mgonjwa aliyekuwa ndiyo kwanza ameoa, uamuzi wa kuacha mshahara wa uhakika haukuwa mwepesi.

Majaribio yake ya kwanza hayakuhitaji maabara kubwa. Aliwafungia minyoo ndani ya sanduku lililofunikwa kwa vioo vya rangi mbalimbali, akaona kwamba waliukimbia upande wa buluu na kukusanyika chini ya kioo chekundu. Kutokana na hilo alitambua kwamba miale ya mwanga haina nguvu sawa. Ile ya buluu, zambarau na urujuanimno, yaani miale iliyo ng'ambo ya zambarau ambayo jicho halioni, ndiyo inayogusa viumbe hai kwa namna ya pekee, ilhali miale myekundu huleta joto zaidi.

Jaribio jingine alilifanya juu ya mwili wake mwenyewe. Alipaka mstari wa wino mweusi kwenye mkono wake kisha akauanika juani kwa muda wa saa tatu. Ngozi iliyoachwa wazi iliungua na baadaye ikageuka kuwa ya hudhurungi, lakini iliyokuwa chini ya wino ilibaki nyeupe na salama. Alipourudisha mkono juani baadaye bila wino, ule mstari mweupe ndio ulioungua, huku sehemu iliyokwisha kuwa nyeusi ikisalimika. Hitimisho lake lilikuwa kwamba rangi ya ngozi ni ngao ya mwili dhidi ya makali ya jua. Ukweli huo unafahamika vyema Afrika Mashariki, ambako watu wenye ualbino, waliozaliwa bila ngao hiyo ya kutosha, huandamwa na saratani ya ngozi.

Mwaka 1893 Finsen alichapisha makala kuhusu athari za mwanga katika ngozi, akipendekeza kwamba wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye mapazia au vioo vyekundu ili miale ya buluu na zambarau isiwafikie. Madaktari wawili wa Bergen, Norwei, walijaribu mwaka huo huo na kuripoti mafanikio, na jina la Finsen likaanza kusikika nje ya Denmark. Hata hivyo pendekezo hilo halikusimama. Madaktari wa London waliolipima baadaye, wakati wa miaka ile ile ya uhai wake, hawakuona faida yoyote, na vyumba vyekundu vikasahaulika.

Nyuso zilizoliwa

Kilichomjengea Finsen jina la kudumu ni kazi ya pili, iliyokuwa kinyume cha ile ya kwanza. Badala ya kuukinga mwili na miale ya buluu na zambarau, aliamua kuikusanya miale hiyo na kuielekeza mahali palipo na ugonjwa. Mwaka 1877 watafiti wawili wa Uingereza, Downes na Blunt, walikuwa wameonyesha kwamba mwanga wa jua huua bakteria. Mwaka 1882 Mjerumani Robert Koch akawa amekigundua kimelea cha kifua kikuu. Finsen aliyaunganisha mambo hayo mawili. Ikiwa mwanga huua bakteria, na ikiwa yapo maradhi ya bakteria yaliyo juu ya ngozi ambako mwanga unaweza kufika, basi tiba inawezekana.

Maradhi hayo yalikuwapo. Kifua kikuu cha ngozi kilianza mara nyingi utotoni, kama kijipele kidogo puani au shavuni, kisha kikaendelea kula polepole kwa miaka mingi. Pua ililiwa, midomo ikakunjamana, kope zikavutika. Waliougua walijifunika nyuso kwa vitambaa, walikosa kazi na wachumba, na wengine waliishi maisha yote wakiwa wamejificha. Tiba zilizokuwapo zilikuwa kisu, chuma cha moto na tindikali, na mara nyingi kovu lililoachwa halikuwa na nafuu kuliko ugonjwa wenyewe.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mhandisi mmoja wa Copenhagen aliyekuwa ameteseka kwa ugonjwa huo usoni kwa miaka minane, akiwa amezunguka kwa madaktari bila mafanikio. Novemba 1895, katika mtambo wa umeme wa jiji la Copenhagen, ambako palikuwa na taa zenye nguvu ya kutosha, Finsen alianza kumulika uso wake kila siku. Katika muda wa miezi michache vidonda vilifunga.

Habari zilienea upesi. Mwaka 1896, kwa misaada ya watu binafsi na ya serikali, ilifunguliwa Taasisi ya Tiba ya Mwanga ya Finsen. Mwanzoni jua lenyewe lilitumika, likikusanywa kwa lenzi kubwa iliyojazwa maji yaliyotiwa rangi ya buluu ili kuzuia joto. Lakini jua la Denmark si la kutegemewa, kwa hiyo taa kubwa za umeme za kaboni zikachukua nafasi yake. Kutoka kila taa ilishuka mirija minne mfano wa darubini, yenye lenzi za jiwe angavu la kwatzi. Finsen alichagua jiwe hilo kwa sababu kioo cha kawaida humeza miale ya urujuanimno, naye aliamini kwamba miale hiyo ndiyo dawa.

Chini ya kila mrija alilala mgonjwa mmoja, na pembeni mwake alikaa muuguzi. Kazi ya muuguzi ilikuwa kukandamiza juu ya kidonda lenzi ndogo iliyopitishwa maji baridi ndani yake. Maji yalizuia ngozi isiungue, na mkandamizo uliisukuma damu pembeni, kwa kuwa Finsen alikuwa amegundua kwamba damu huumeza mwanga kabla haujapenya ndani. Kazi hiyo ilichukua kama saa nzima kwa sehemu ndogo tu ya ngozi, na ilirudiwa siku baada ya siku, kwa miezi mingi, mpaka uso wote uishe.

Kufikia mwaka 1901 wagonjwa wapatao 800 wa kifua kikuu cha ngozi walikuwa wamepita katika taasisi hiyo, na wengi wao walipona au kupata nafuu kubwa, hasa wale waliowahi kabla ugonjwa haujaenea. Madaktari wa nchi mbalimbali walifika Copenhagen kujifunza. Mwaka 1900 Alexandra, binti wa mfalme wa Denmark aliyekuwa ameolewa na mrithi wa ufalme wa Uingereza na baadaye kuwa malkia, aliizawadia Hospitali ya London taa ya kwanza ya Finsen nchini humo.

Mtafiti wa mwili wake mwenyewe

Wakati wagonjwa wake wakiondoka na nyuso zilizofunga vidonda, daktari mwenyewe alizidi kudhoofika. Nyakati nyingine aliweza kufanya kazi kwa saa chache tu kwa siku, na miaka ya mwisho aliiongoza taasisi yake akiwa kitini au kitandani. Hakuna mwanga uliokuwa na uwezo wa kuufikia utando wa moyo wake, naye alilijua hilo vizuri.

Hata hivyo hakuacha kuchunguza. Kwa miaka kadhaa alipima na kuandika kila alichokula, kila alichokunywa na kila kilichotoka mwilini mwake. Kwa njia hiyo alibaini kwamba chumvi ndiyo iliyokuwa ikiyashikilia maji tumboni mwake, akajiwekea mlo wenye chumvi kidogo sana na kupata nafuu kwa muda. Matokeo ya uchunguzi huo aliyachapisha mwaka 1904, mwaka aliofariki. Ushauri wa kupunguza chumvi kwa wagonjwa ambao mioyo yao imeshindwa kusukuma damu vyema ungali unatolewa hospitalini hadi leo.

Tuzo ya Nobel ilipotangazwa mwaka 1903, ilitolewa kwa mchango wake katika kutibu magonjwa, hususan kifua kikuu cha ngozi, kwa miale ya mwanga iliyokusanywa. Sehemu kubwa ya fedha alizopata hakuiweka mfukoni, bali aliikabidhi kwa ajili ya kuendeleza kazi ya tiba aliyoianzisha.

Siri iliyokuwa ndani ya bakteria

Finsen alifariki akiamini kwamba miale ya urujuanimno iliwaua bakteria moja kwa moja. Kwa karibu miaka 100 maelezo hayo yalirudiwa vitabuni bila kupingwa sana. Kisha mwaka 2005 watafiti wa Denmark walizichunguza upya taa na lenzi za zamani za Finsen zilizokuwa zimehifadhiwa, wakapima ni miale gani hasa iliyokuwa ikipita.

Waliyoyakuta yaliwashangaza wengi. Lenzi hizo, pamoja na maji ya buluu yaliyotumika kuchuja, zilikuwa zikiizuia karibu miale yote mikali ya urujuanimno. Iliyomfikia mgonjwa ilikuwa hasa ile iliyo karibu na zambarau pamoja na mwanga wa buluu, ambayo kwa peke yake haina nguvu ya kuua bakteria kwa kiasi kile. Ni kitu gani basi kilichowaponya wale watu?

Jibu walilolitoa linahusu kemikali iitwayo pofirini. Kemikali za jamii hiyo hupatikana katika viumbe vingi, na mojawapo ndiyo inayoshika madini ya chuma na kuipa damu rangi yake nyekundu. Kimelea cha kifua kikuu nacho hutengeneza pofirini yake. Mwanga wa buluu unapoipiga, pofirini huumeza na kuipokeza nguvu yake oksijeni iliyo jirani, nayo oksijeni hugeuka kuwa ya hali kali inayounguza chochote inachokigusa. Kwa maelezo hayo, bakteria wale walikuwa wamebeba ndani yao sumu iliyolala, na kazi ya taa ya Finsen ilikuwa kuiamsha.

Kanuni hiyo ilikuwa ikigunduliwa kwingineko wakati wa uhai wake. Mjini Munich, Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari Oscar Raab, akiwa chini ya Profesa Hermann von Tappeiner, alikuwa akiwawekea viumbe wadogo wa seli moja rangi iitwayo akridini. Aliona kwamba mara nyingine walikufa haraka na mara nyingine walidumu muda mrefu, na hatimaye akagundua kwamba tofauti ilitokana na kiasi cha mwanga kilichokuwamo chumbani. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1900. Tappeiner aliendelea na kazi hiyo na kuonyesha kwamba bila oksijeni mwanga na rangi haviui. Mwaka 1903 yeye na mwenzake walikwishajaribu kupaka rangi nyingine, eosini, kwenye uvimbe wa saratani ya ngozi na kuumulika.

Mwaka 1912 daktari mwingine wa Ujerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijidunga miligramu 200 za pofirini iliyotokana na damu. Gizani hakupatwa na lolote. Alipotoka juani, uso na mikono yake ilivimba vibaya, na kwa miezi kadhaa alilazimika kulikwepa jua. Ikawa dhahiri kwamba dawa inaweza kukaa mwilini kwa utulivu hadi itakapoguswa na mwanga.

Kutoka ngozini hadi ubongoni

Ilichukua miongo mingi kabla ya maarifa hayo kuwa tiba ya saratani. Katika miaka ya 1970, Thomas Dougherty wa Buffalo, katika Jimbo la New York nchini Marekani, aliwatibu wagonjwa wa saratani kwa pofirini na mwanga mwekundu, ambao hupenya mwilini zaidi ya ule wa buluu. Mwaka 1980 madaktari wa Italia waliripoti majaribio ya kwanza kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo. Mwaka 1993 Kanada iliidhinisha dawa ya aina hiyo kwa saratani ya kibofu cha mkojo.

Ubongo ni mahali pagumu kuliko kibofu au ngozi. Saratani mbaya kuliko zote za ubongo, glioblastoma, haina mpaka unaoonekana, bali husambaza mizizi ndani ya nyama ya ubongo iliyo salama. Daktari akikata kidogo huacha saratani, akikata zaidi huweza kumwondolea mgonjwa usemi au uwezo wa kutembea. Kwa wengi wanaougua, maisha baada ya kugunduliwa huwa ni ya mwaka mmoja na miezi michache hata wakipewa upasuaji, mionzi na dawa.

Hapo ndipo pofirini ilipopata kazi. Saa chache kabla ya upasuaji mgonjwa hunywa dawa iitwayo asidi ya aminolevulini, ambayo seli za saratani huigeuza kuwa pofirini kwa wingi kuliko seli za kawaida. Fuvu linapofunguliwa na mwanga wa buluu kuwashwa, uvimbe hung'aa kwa rangi nyekundu huku ubongo wenye afya ukibaki katika rangi ya buluu. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2006 na kuhusisha wagonjwa 322, uvimbe wote ulioonekana kwenye picha uliondolewa kwa asilimia 65 ya waliopewa dawa hiyo, ikilinganishwa na asilimia 36 ya waliopasuliwa kwa mwanga wa kawaida. Miezi sita baadaye, asilimia 41 ya kundi la kwanza walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea, dhidi ya asilimia 21 ya kundi la pili. Ulaya iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2007 na Marekani mwaka 2017.

Katika matumizi hayo mwanga huonyesha tu, na kisu ndicho kinachoondoa. Japani ilikwenda hatua moja mbele mwaka 2013 kwa kuidhinisha dawa ya talaporfini, ambayo mgonjwa hudungwa siku moja kabla ya upasuaji. Baada ya uvimbe kuondolewa, kuta za shimo lililobaki humulikwa kwa miale myekundu ya leza ili kuua mabaki yasiyoonekana, kwa njia ile ile ya oksijeni kali.

Tiba hizo zina mipaka, na mipaka yake Finsen angeitambua mara moja. Mwanga hupenya nyama ya mwili kwa milimita chache tu, na damu bado huumeza. Mgonjwa aliyepewa dawa ni lazima afichwe jua na taa kali mpaka dawa imtoke. Na glioblastoma, mara nyingi, hurudi.

Jina lililobaki

Taa za Finsen zilizimwa baada ya dawa za kifua kikuu kupatikana katika miaka ya 1940 na 1950, kwani vidonge na sindano viliwafikia bakteria mahali popote mwilini kwa gharama ndogo zaidi. Sayansi pia imeonyesha kwamba miale ya urujuanimno, aliyoihesabu kuwa dawa, huweza kuleta saratani ya ngozi. Lakini matumizi ya mwanga katika tiba hayakukoma. Mzazi ambaye mtoto wake mchanga mwenye manjano amewahi kulazwa chini ya taa ya buluu, katika wodi za watoto wachanga za Afrika Mashariki au kwingineko, ameishuhudia tiba ya mwanga kwa macho yake. Jijini Copenhagen, kituo cha tiba ya saratani cha hospitali kuu ya Rigshospitalet kiliitwa kwa miaka mingi kwa jina la Finsen.

Katika maisha yake mafupi, mtu huyo alikosea kuhusu ndui, na yaelekea alikosea pia kuhusu sababu ya ushindi wake mkubwa. Alichokuwa sahihi nacho ni matokeo, yaani nyuso zilizopona mbele ya mashahidi wengi. Kwa kuwa kazi yake ilifanyika wazi, na vifaa vyake vikatunzwa badala ya kutupwa, waliokuja miaka 100 baadaye waliweza kuvipima, kurekebisha maelezo yake na kuona kwamba mwanga uliowaponya wagonjwa wa Copenhagen ni ndugu wa mwanga unaowashwa leo juu ya ubongo uliofunguliwa.